Kibanda cha Gulandom

"Kwani ukisema ni chako, utapungukiwa na nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Hurnisa, jirani yetu wa ukuta mmoja, alimuuliza wifi yangu Sanobar mwezi wa nne mwaka huu. Tulikuwa watatu juu ya paa, tunachambua juani sufu ya yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, na huko chini njiani theluji ilikuwa imebaki vipande vipande. Sanobar alichomoa mwiba kwenye sufu, akautazama, akauweka pembeni pamoja na wenzake.

"Neno moja tu, shoga," Hurnisa akaendelea. "Changu. Wala halijazi kinywa."

"Kulitamka najua. Paka ni wangu. Magoti yanayouma ni yangu. Na wewe ni jirani yangu, sina pa kukupeleka."

"Basi ongeza na kibanda."

"Kibanda si changu."

Hurnisa akanigeukia mimi. "Mwambie wifi yako. Mimi ananisikiliza kama anavyosikiliza redio."

Ningemwambia nini? Kila mtu hapa Yarzdiyor anajua kibanda cha Kivukoni ni cha nani. Ni cha Gulandom, na Gulandom alikufa akiwa na miaka saba.

Sanobar aliolewa na marehemu kaka yangu Qimat akiwa na miaka kumi na minane. Alitoka kijiji cha chini, ambako wana miti ya matunda na hawajui yaki. Alikuja na sanduku moja na kicheko kikubwa, na mama yangu akasema huyu atatuvunjia vyombo. Hakuvunja. Kiangazi cha kwanza alipelekwa juu Zhuisar pamoja nasi, siku tatu kwa miguu, maana kwetu wanaopanda na mifugo ni wanawake. Wanaume hubaki na shayiri. Huko juu tunakamua, tunasukasuka maziwa mpaka siagi itoke, tunaanika jibini kwenye mawe, na mwezi wa kumi tunashuka. Yaki wa kwanza aliyemkamua alimpiga teke la paja. Alikaa chini akacheka, akasimama akamshika tena. Amepanda viangazi thelathini na nane. Anamjua kila mnyama kwa kukohoa kwake, na mimi ambaye nimezaliwa humu bado namuuliza.

Mwaka mmoja kabla barabara ya gari haijafika kijijini, tulipokuwa tunashuka na mifugo, Gulandom alishikwa na kifua. Alikuwa mtoto wake wa pekee wa kike. Sanobar alimbeba mgongoni, mizigo yake tukagawana sisi. Tukafika Kivukoni, pale njia inapokutana na mto. Ilikuwa jioni, na jioni mto ule umejaa maji ya barafu iliyoyeyuka mchana kutwa. Haupitiki mpaka asubuhi, baridi ikishayapunguza. Pale hapakuwa na paa wala ukuta wa kukinga upepo, na theluji ikaanza. Tulijibanza nyuma ya mwamba, tukamzungushia mtoto kila tulichokuwa nacho. Asubuhi maji yalipopungua, hatukuwa tena na haraka ya kuvuka.

Siandiki zaidi ya hapo. Nilikuwepo, na Mungu alikuwepo.

Kwetu mtu akitaka kumfanyia mpendwa wake jambo kubwa, awe hai au ametangulia, humjengea kitu ambacho watu wote watakitumia. Anaweza kujenga daraja, au ngazi za mawe mteremkoni, au ukuta wa kuzuia mbuzi wasianguke. Asiye na uwezo hujenga hata kibao cha kukalia anayechoka njiani. Anayetoa hutoa chakula, kijiji kinatoa mikono. Kazi ikiisha, kitu kile kinaitwa kwa jina la mpendwa, na kuanzia siku hiyo ni chake yeye. Aliyetoa hasemi tena "changu". Akisema hivyo, amekichukua, kama mtu aliyempa mgeni mkate kisha akamnyang'anya mkononi.

Baada ya miaka miwili ya kuwaza, Sanobar na kaka yangu walichinja yaki wawili, nusu ya waliokuwa nao. Wanaume walibeba boriti za mipopla mabegani siku mbili nzima, kwa sababu huko juu hakuna mti unaomzidi mbuzi kwa urefu. Sisi wanawake tulibeba udongo kwa mashali yetu. Watu walikuwa arobaini. Kikasimama kibanda cha mawe, chumba kimoja, na jiko katikati na tundu la moshi juu. Kiongozi wetu wa jamatkhana, nyumba yetu ya sala, aliomba dua. Sanobar alichovya vidole kwenye unga, akatia alama tano juu ya mlango, kama tunavyofanya kwenye nyumba ya bibi harusi.

Mpaka leo ninapoandika, kila anayelala humo anamwachia kuni au samadi kavu atakayekuja nyuma yake, na akitoka husema, "Mungu amweke Gulandom mahali pema." Husema hata wasiomjua. Wapo wachungaji vijana wanaodhani Gulandom alikuwa bibi kizee tajiri. Sanobar aliposikia hayo alifurahi siku nzima. "Amekua," aliniambia. "Na mali anayo."

Sasa niseme habari ya hifadhi.

Miaka mitatu iliyopita serikali ilileta maneno kwamba nchi yote ya juu, kuanzia Kivukoni hadi Zhuisar na ziwa lake, itawekewa sheria: wapi pa kuchunga, wapi pa kujenga, wapi mtu asiguse kabisa. Wakati huohuo bwana mmoja kutoka mjini alikuwa ameshapeleka mabati ziwani, anataka kujenga hoteli. Kijiji kiligawanyika, na ndugu wengine hawakusalimiana majira yote ya baridi. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Farmon, mtoto wa Hurnisa, alikuwa ameshaajiriwa askari wa wanyamapori na kupewa koti la kijani, akasimama wa kwanza.

"Tusipokubali sheria," akasema, "kila mwenye pesa atajenga anapotaka. Mtakuja kukamua yaki katikati ya magari ya watalii."

Mzee Shambi akamjibu hapohapo alipokaa. "Na tukikubali, wewe umepata koti. Sisi tutapata nini?"

"Wanyamapori watarudi, mzee."

"Wameshanirudia. Chui wa theluji kala mbuzi wangu sita. Lile koti mpe yeye, huenda akashiba."

Watu walicheka, hata Farmon alicheka. Kisha Sanobar akasimama, na wanawake tukanyamaza kumsikiliza, maana si msemaji wa mikutano.

"Mimi naogopa hoteli kuliko karatasi," alisema. "Hoteli ikishajengwa imejengwa. Karatasi mtu anaweza kuisoma, akauliza."

Akanyoosha mkono kuikubali sheria. Wengi tulinyoosha kwa sababu yake. Mimi mmoja wao.

Kiangazi kile akaja karani kijana, viatu vyake vimeachama kwa mawe, kuandika kila kilichojengwa huko juu. Alikuwa na daftari kubwa lenye mistari, na kila penye kitu aliuliza: "Hiki cha nani?" Nasi tukamjibu kwa furaha. Hili daraja ni la Lashkar. Zile ngazi ni za Bibi Nokcha. Ukuta ule ni wa Mirzo na ndugu yake. Tuliona serikali inawaandika wapendwa wetu kwenye daftari lake, tukahesabu ni heshima. Hurnisa alimtilia siagi mara mbili kwenye chai. Sanobar alimsindikiza mwenyewe mpaka Kivukoni, akamtajia jina la Gulandom herufi kwa herufi asije akalikosea.

"Na yeye yuko wapi?" karani akauliza.

"Yuko kwa Mungu."

Karani akaandika kitu kifupi pembeni. Sanobar alimsifia mwandiko.

Hakuna aliyetuambia kwamba pale juu ya ukurasa pameandikwa "mwenye mali". Na kama tungeambiwa, sijui tungejibu nini tofauti. Ndivyo tunavyosema.

Barua ilikuja mwaka uliofuata. Farmon aliisoma nje ya jamatkhana, na kadiri alivyosoma sauti yake ilikuwa inapungua. Nchi ya juu imegawanywa. Kivukoni pameangukia sehemu ambayo haitakiwi kuwa na jengo lolote, isipokuwa lile la zamani lenye mwenyewe aliye hai, mwenye kitambulisho, aliyetia sahihi. Vitu vilivyoandikwa ni thelathini na kimoja. Kati ya hivyo, kumi na saba wenyewe walikutwa wameshakufa na havina mtu. Vitabomolewa, mawe yarudi ardhini, wanyama wapate nafasi.

"Na ziwani?" mtu akauliza.

Farmon alitazama karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ziwani ni sehemu ya maendeleo. Hoteli itajengwa, vyumba ishirini. Mwenyewe ana hati zote.

"Basi chui tumemjengea vizuri," Mzee Shambi akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Sanobar alikuwa amesimama karibu nami. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule alionyoosha, kisha akauingiza ndani ya shali.

Watu wakaanza kushuka ofisini, mmoja mmoja, wala hawakuagana na mtu. Kila aliyekwenda alisema neno lile, akaandikwa, akarudi. Mzee Shambi alikwenda akasema daraja la baba yake ni lake. Aliporudi, wiki nzima hakupita kwenye daraja lile. Nilimwona kwa macho yangu akivuka majini, suruali ameikunja magotini, na daraja liko hatua kumi kutoka hapo. Siku ya nane alipita juu yake, kichwa chini. Simlaumu. Daraja limebaki, na watu wanavuka.

Mwishowe kikabaki kibanda peke yake.

Sanobar alidhani ipo njia nyingine. Yeye ni mama, na mama hurithi. Mwezi wa tatu mwaka huu tulishuka wote wawili kwa jipu mpaka ofisi ya hifadhi, safari ya siku nzima. Afisa aliyetupokea aliitwa Bwana Junaid, mtu wa nchi ya tambarare, mwembamba, mwenye mafua. Alitupa viti, akaagiza chai. Sina ubaya wa kusema juu yake.

"Mrithi? Inawezekana kabisa, mama," akasema. "Nipe cheti cha kifo."

Hakuna.

"Cha kuzaliwa, basi."

Gulandom alizaliwa Zhuisar, katikati ya kukamua. Mkunga nilikuwa mimi, na kisu kilikuwa cha kukatia jibini. Nani angetoa cheti? Bwana Junaid akaomba daftari la vizazi la wilaya, akatafuta ukurasa kwa ukurasa, akarudia tena kwa kidole. Akalifunga.

"Mama, hayumo." Akashusha sauti. "Kwa karatasi za serikali, huyu mtoto hakuzaliwa."

Sanobar akafikiri. "Lakini barua yenu inasema amekufa."

"Ndiyo."

"Basi aliyekufa ni nani?"

Bwana Junaid alipenga kamasi. Kisha akavuta fomu, akachukua kalamu. "Sikiliza, mama. Sema ni chako. Nitaandika sasa hivi, unakwenda nyumbani."

"Walikijenga watu arobaini."

"Fomu haina nafasi ya watu arobaini."

"Huwezi kuandika jina langu, halafu kikabaki chake?"

"Mstari ni mmoja, mama."

Sanobar aliomba muda. Bwana Junaid alimpa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. "Baada ya hapo faili linapanda juu," alisema, "na likishapanda, hata mimi siwezi kulishusha."

Ndiyo maana Hurnisa alimuuliza vile siku ya sufu. Na si Hurnisa peke yake. Kiongozi wetu wa jamatkhana alikuja nyumbani baada ya sala, akakaa, akakubali chai.

"Dada," alimwambia, "Mwenyezi Mungu anaijua nia yako. Neno hilo hatakuhesabia."

"Kwa Mungu sina wasiwasi," Sanobar akasema. "Nina wasiwasi na mtoto. Sikuwahi kumpa kitu kingine."

Kiongozi alikunywa chai yake mpaka mwisho. Alipotoka alinishika bega pale mlangoni, akaenda zake.

Farmon naye alikuja. Hakukaa. Alisimama kwenye kizingiti na lile koti lake, ameshika kofia.

"Mama mkubwa, mimi ndiye watakayemtuma. Mimi na watu watatu wa mbali."

"Nimesikia, mwanangu."

"Nimelala mle mara ngapi. Nitaacha kazi."

"Ukiacha, watatuma wasioujua mto, nao waingie jioni. Kaa na kazi yako. Umekula?"

Alikuwa hajala. Akapewa mkate na siagi, akala amesimama, machozi yanamtoka, na Sanobar akajifanya anatafuta kitu kabatini mpaka alipomaliza.

Mimi niliomba sana siku hizo. Sikujua niombe nini. Nilianza kuomba aweze kulisema, katikati ya dua nikajikuta naomba asilazimike, mwisho nikamwachia Mungu lote. Ningeweza kwenda mimi niseme ni changu? Niliuliza. Nikaambiwa anayetakiwa kusema ni yule aliyekitoa, si shangazi. Niliwaza kijiji kiandike barua. Tuliandika, tukatia vidole gumba wote. Ikarudi na muhuri kwamba imepokelewa.

Mwisho wa mwezi wa tano tukashuka tena. Safari nzima Sanobar alikuwa anachezesha midomo. Niliinama karibu, nikasikia: "Changu. Changu. Changu." Anajifunza.

Dereva akamtazama kwenye kioo. "Mama unahesabu mawe? Utachoka, barabara hii haina mwisho wa mawe."

"Nahesabu, mwanangu," akamjibu. "Endesha."

Bwana Junaid alikuwa ameshatayarisha fomu. Nadhani alifurahi kutuona. Alituonyesha viti vilevile, akashika kalamu, akasoma kama anavyotakiwa kusoma.

"Kibanda namba ishirini na sita, Kivukoni. Ni chako?"

Sanobar alifungua kinywa. Nilikuwa pembeni yake, niliuona ulimi ukienda mahali pa kulianzia lile neno. Ukabaki pale. Nje mtu alikuwa anapiga tairi kwa nyundo, nikahesabu mapigo tisa. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, kama kwenye dua.

"Ni cha Gulandom," akasema.

Bwana Junaid hakukasirika. Aliweka kalamu chini, taratibu, sambamba na karatasi.

"Nimejaribu, mama."

"Na mimi nimejaribu, mwanangu."

Akatueleza yatakayofuata, ili tusije tukasema hatukuambiwa. Faili litapanda wiki ile. Kazi itafanyika mwezi wa kumi, wanawake wakishashuka na mifugo, kabla theluji haijafunga njia. Ndani ya kibanda kama kuna vyombo, tuvitoe. Sanobar alisikiliza yote akitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeelekezwa njia.

Chini kabisa ya fomu pana mistari mitatu. Bwana Junaid aliigusa kwa kidole. Alisema hapo ni mahali pa maombi ya mhusika. Hayabadilishi uamuzi, hataki kumdanganya, lakini akisema lolote ataliandika lilivyo, na watakaotumwa watakwenda nalo.

Sanobar aliweka shali yake vizuri. Alifikiri kidogo tu, kisha akasema, naye akaandika, halafu akatusomea. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano, nikainama nikafuata kwa macho, na hakuwa ameacha neno hata moja:

"Wale mtakaowatuma kubomoa watafika jioni, na jioni mto hauvukiki. Naomba wasilale nje. Walale ndani, wawashe moto, kuni zipo nyuma ya mlango. Wabomoe asubuhi."